Siku 14 Zimepita. Wewe Ulikuwa Wapi?



Ndugu yangu, dada yangu, leo sitaki unipe kidole gumba wala moyo mwekundu. Nataka dakika zako 10, usome mpaka mwisho, halafu unyanyuke hapo ulipokaa.

Katika mtaa niliokulia kulikuwa na uchochoro. Si barabara, ni uchochoro tu. Upana wake ulitosha watu wanne kupita na jeneza mabegani bila kugusa ukuta. Najua kwa sababu ndivyo tulivyompitisha babu yangu. Siku moja mwenye ploti ya kona akaanza kujenga. Nyumba ya chini ikabomolewa, mabati yakazungushwa, na yale mabati yakasimama hatua mbili ndani ya uchochoro. Tukaambiana, aah, ni ya muda tu, ujenzi ukiisha yatatolewa. Na kweli yakatolewa. Nyuma yake tukakuta ukuta wa mawe.

Haikupita muda akafariki bibi mmoja jirani yetu, aliyetusomesha alifu na be sisi sote wa mtaa ule. Jeneza lake halikupita. Likalazwa upande, likainuliwa juu ya vichwa, likagonga ukuta. Mwanawe alilia pale, na wote tuliokuwepo tulijua kwamba wakati ule hakuwa akililia mauti. Alikuwa akililia ile aibu.

Ndipo tukapata hasira. Tukaenda ofisini, kundi zima, na kanzu zetu. Tukafunguliwa faili. Faili lilikuwa kamili, wallahi halina hata karatasi iliyopungua. Ombi la kubadili matumizi ya ardhi kutoka nyumba ya familia moja kuwa ghorofa za kukodisha na maduka chini: limekubaliwa. Ombi la kulegezewa masharti ya nafasi ya kuacha mpakani: limekubaliwa. Tangazo kwa umma: limebandikwa, na picha yake ipo. Kwenye picha tukaliona tangazo lenyewe, karatasi ya Kiingereza, limebandikwa kwenye nguzo nyuma ya kibanda cha mkaa. Pingamizi kutoka kwa wananchi: hakuna.

Karani hakutufokea. Alituuliza kwa upole kabisa: "Nyinyi mlikuwa wapi?"

Swali hilo ndilo nakuletea leo. Lakini kabla sijakuuliza wewe, nitawauliza wao pia. Kwa sababu hapa kuna dhambi mbili, ya aliyeficha na ya aliyelala, na moja haifuti nyingine.

TUNAPENDA KUULILIA MWAKA 1908

Kila mzungumzo wa dhuluma ya ardhi Pwani unaanzia 1908, na ni haki uanzie huko. Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi kwa ajili ya Mwambao. Ikasema: mwenye kudai ardhi alete madai yake kwa afisa, yaandikwe, apewe hati. Ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza. Waliokuwa karibu na mji, wenye kujua karatasi na njia za ofisini, wakaandikisha. Wengi, hasa ndugu zetu Wamijikenda waliokuwa kwenye ardhi yao vizazi na vizazi, hawakuandikishwa. Wakaamka maskwota kwenye makaburi ya mababu zao. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya 2013 imeyaeleza hayo ya Pwani.

Sasa itazame dhuluma ile ilikuwa na umbo gani. Mwanzo wake haukuwa bunduki. Kulikuwa na tangazo, kukawa na muda, kukawa na ofisi na karatasi. Na mtu aliyenyamaza alihesabiwa kuwa amekubali.

Unaona tunapokwenda? Umbo ni lile lile. Tangazo, muda, ofisi, karatasi, na ukimya wako unahesabiwa. Tofauti ni kwamba babu zetu wana udhuru. Serikali haikuwa yao, lugha haikuwa yao, na hakuna aliyewauliza wanataka sheria gani. Wewe una simu mkononi, una kitambulisho, una kura, na tangu 2013 una serikali ya kaunti mlangoni pako. Udhuru wako ni upi?

KITU GANI HASA KINAAMULIWA HUKO OFISINI?

Vijana wengi wakisikia "mambo ya ardhi" wanafikiria bomoabomoa. Wanafikiria tingatinga alfajiri, mabomu ya machozi, akina mama wakilia. Hiyo ni hatua ya mwisho. Mtaa huuliwa mapema zaidi, kimyakimya, kwa maamuzi madogo madogo ambayo kila moja peke yake linaonekana si kitu.

Kuna kubadili matumizi, ambayo madalali wote wanaiita "chenji ofu yuza". Ploti iliyokuwa ya nyumba inakuwa ya ghorofa, ya baa, ya kituo cha mafuta, ya bohari. Kuna kuongeza matumizi, nyumba ibaki nyumba lakini na biashara iingie. Kuna kugawanya ploti na kuunganisha ploti. Kuna kulegezewa masharti: ulitakiwa uache nafasi fulani mpakani, sasa unaruhusiwa uache ndogo zaidi, ulitakiwa usifunike ploti nzima, sasa unaruhusiwa uifunike karibu yote. Na kuna kusogeza mpaka, bikoni inayohama usiku na ramani inayokuja kuthibitisha mchana.

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya mipango na maendeleo, na humo imetaja upimaji wa ardhi, ramani, mipaka na uzio. Umesoma vizuri, mipaka na uzio. Usije ukadanganywa kuwa ukuta wa jirani ni "mambo ya Nairobi". Ni mambo ya waziri wa ardhi wa kaunti yako, aliyeteuliwa na gavana uliyempigia kura au uliyekataa kwenda kumpigia.

Na athari zake? Bomba la maji taka lililowekwa kwa nyumba 20 za chini linabebeshwa familia 200. Likipasuka, maji yanaingia madrasa. Uchochoro ulioachwa ili hewa ipite na gari la zimamoto lisogee unakuwa mfereji kati ya kuta mbili. Kisima kinakauka. Kodi ya nyumba inapanda, na wewe uliyezaliwa pale unahamia mbali na msikiti uliokusomesha.

Sisemi mji usijengwe. Tazama Eastleigh. Eneo la nyumba za makazi liligeuka miaka ya 90, kuanzia gesti moja iitwayo Garissa Lodge iliyogeuzwa vyumba kuwa maduka, likawa soko linalolisha Afrika Mashariki nzima. Ndugu zetu Wasomali walijenga hapo riziki ambayo serikali haikuwapa. Mabadiliko ya matumizi yanaweza kuwa baraka. Lakini muulize mkaazi wa Eastleigh kuhusu barabara na mitaro, atakwambia bei ya kuacha maduka yakue huku mipango ikilala.

Na ikilala zaidi, watu hufa. Aprili 2016, jengo la ghorofa sita Huruma, Nairobi, karibu kabisa na mto, liliporomoka usiku wa mvua. Karibu watu 50 walikufa. Lilikuwa tayari limetiwa alama ya kubomolewa. Alama ilikuwapo, karatasi ilikuwapo, wapangaji wakawa bado wamo ndani wanalipa kodi.

UKIMYA WAKO NA UKIMYA WAO

Sikiza sasa sheria yenyewe inavyosema, maana wengi wenu hamjawahi kuambiwa.

Sheria ya Mipango ya Ardhi na Matumizi yake ya 2019 inasema hakuna mtu kuendeleza ardhi ndani ya kaunti bila ruhusa ya kaunti. Inasema anayeomba ruhusa lazima aujulishe umma, na tangazo lake liwaalike wananchi watoe pingamizi. Inasema kaunti ikitoa uamuzi, mwombaji au mtu yeyote mwenye maslahi ambaye hakuridhika anaweza kukata rufaa ndani ya siku 14 kwa kamati ya kaunti inayosikiza rufaa za mipango ya ardhi. Kamati nayo imepewa siku 14 kuamua. Usiporidhika, unakwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Mpaka hapo, mashaallah. Sasa shika hili: sheria hiyo hiyo inasema mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, ruhusa inahesabiwa kuwa imetolewa.

Soma tena. Ofisi ikinyamaza siku 60, mjenzi ameshinda. Wewe ukinyamaza siku 14, umeshindwa. Ukimya wa kila mtu unamfaidi mtu mmoja tu. Afisa hahitaji hata kutia sahihi kitu kibaya, anahitaji tu kulisahau faili kwenye droo. Kisha akiulizwa atasema mimi sikuidhinisha chochote, na atakuwa amesema kweli.

Ndiyo maana nasema dhambi ya kwanza ni yao. Tangazo nyuma ya kibanda cha mkaa si tangazo, hilo ni jalada la ushahidi lililotengenezwa ili kutunyamazisha baadaye. Katiba, kifungu cha 10, imeweka ushirikishwaji wa wananchi kuwa msingi wa utawala. Kifungu cha 47 kinakupa haki ya uamuzi wa haki na sababu za maandishi pale unapoathirika. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka wananchi wapate habari kwa wakati. Na Kiswahili, kwa kifungu cha 7, ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kwa nini basi mzee wa mtaa asiyejua Kiingereza atangaziwe kwa Kiingereza kwamba ukuta unakuja mlangoni kwake?

Tunaidai kila kaunti mambo matatu tu, wala hayahitaji bajeti kubwa. Orodha ya maombi yote ya wiki ichapishwe hadharani, kwa Kiswahili, kwa jina la mtaa na si namba ya ploti peke yake. Orodha hiyo ifike kila msikiti, kila kanisa na kila baraza la chifu kabla siku za pingamizi kuanza kuhesabiwa. Na kamati ya rufaa ijulikane: inakaa wapi, siku gani, fomu yake inapatikana kwa nani. Kamati isiyojulikana inakokaa ni sawa na mlango uliochorwa ukutani.

VISINGIZIO VYETU

Nimetoka kwa hao, sasa nakuja kwako.

"Mimi sina ploti, hainihusu." Nani kakwambia? Sheria haikusema mwenye taito peke yake. Imesema mwenye maslahi. Mpangaji ana maslahi. Mwenye kibanda ana maslahi. Mama anayepitisha mtoto uchochoroni kwenda madrasa ana maslahi. Na hapa Mombasa hasa, ambako watu maelfu wanamiliki nyumba juu ya ardhi ya mtu mwingine, nyumba bila ardhi kama tunavyoita, wewe ndiye wa kwanza kuumia ploti ikibadilishwa matumizi. Siku utakayoambiwa uondoe mawe yako, uamuzi ulishapita muda mrefu.

"Wenye pesa watashinda tu." Huu ndio uongo unaowapendeza wenye pesa kuliko yote. Aprili 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kesi ya kampuni ya Dina Management na Kaunti ya Mombasa. Ni ploti ya ufuoni Nyali. Mwaka 2017 kaunti iliingia ikabomoa ukuta ili kufungua njia ya umma kwenda baharini. Kampuni ikashtaki, ikasema tuna hati, tulinunua kihalali. Mahakama ikafuatilia hati ile mpaka kwenye mzizi wake, ikakuta ardhi ilitolewa 1989 kwa rais wa wakati huo, na haikutolewa kwa kufuata sheria. Ilikuwa ardhi ya umma. Ikaamua kwamba hati iliyozaliwa na ugawaji usio halali hailindwi na Katiba, hata kama imeuzwa na kupita mikono mingine. Ploti ya rais, ndugu yangu. Ukuta ulianguka na mahakama ikasema sawa. Sasa wewe unaniambia jirani yako mwenye ghorofa nne hashikiki?

"Tuwaachie wazee." Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walirudi shuleni wakakuta uwanja wao wa kuchezea umezungushiwa ukuta. Walitoka kuusukuma kwa mikono yao, wakapigwa mabomu ya machozi. Watoto wa shule ya msingi! Kenya nzima ikaona picha zile, na ardhi ile ikarudi kuwa ya shule. Watoto wa darasa la tano waliuona mpaka umehama. Wewe una digrii na hujui mipaka ya uwanja unaochezea mpira kila jioni.

"Ni qadari." Hapana. Mvua ni qadari. Ukuta una fundi, una mwenyewe, na una namba ya faili.

UKUTA ULIO NDANI YETU

Hapa ndipo panapouma, na sitapita haraka.

Yule aliyefunga uchochoro wetu hakuwa mgeni. Si mwekezaji kutoka bara, si kafiri, si beberu. Ni mtu wa safu ya mbele msikitini. Futari ya Ramadhani tulikula kwake. Ndiyo maana tulinyamaza. Angekuwa mtu wa jina lingine tungeshapeperusha mabango siku ya kwanza, na mimi ningekuwa wa kwanza kuandika kwamba Waislamu wanadhulumiwa. Kwa kuwa alikuwa mwenzetu, tukasema tumstahi. Tulimstahi mpaka jeneza likakosa njia.

Mtume (SAW) ametuonya kwamba mwenye kuchukua shubiri moja ya ardhi kwa dhuluma atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama. Hakusema ekari, alisema shubiri. Na imepokewa kwa Imam Ali (RA) kwamba wamelaaniwa wanaobadilisha alama za ardhi. Bikoni, kwa lugha ya leo. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba anayeswali anaruhusiwa hatua mbili za uchochoro. Dini hii ilimpa jirani haki mpaka ikamfanya awe wa kwanza kufikiriwa ploti ya jirani mwenziwe inapouzwa. Sisi tunabishana naye juu ya dirisha lake tulilolizibia.

Na waqfu je? Babu zetu walitoa mashamba na majumba kwa ajili ya misikiti, mayatima na makaburi. Mali hiyo haiuzwi wala hairithiwi. Lakini ukuta wa makaburi ukisogezwa ndani hatua moja kila baada ya miaka 10, hakuna aliyeuza na waqfu umekwisha. Ni misikiti mingapi ambayo taito yake ina majina ya wadhamini waliokwisha kufariki? Ni madrasa ngapi ambazo hazijui bikoni zao ziko wapi? Kamati ya msikiti wenu, je, imewahi kutafuta ramani? Na tukiupanua msikiti wenyewe, tunaomba ruhusa, au tunasema nyumba ya Mungu haihitaji karatasi na kuziba njia ya jirani asiye Muislamu? Ukidai haki kaunti na unaila njia ya jirani, wewe na yule wa ghorofa mmekaa safu moja.

Sikwambii haya ili nikuvunje moyo. Nakwambia kwa sababu harakati isiyoweza kumkemea wake haitaogopwa na wa nje.

BASI TUFANYE NINI?

Hasira peke yake haina siku ya kusikizwa. Hizi ndizo hatua, zihifadhi kwenye simu.

Kwanza, ijue ploti. Nenda afisi ya msajili wa ardhi, au mfumo wa Ardhisasa pale ulipofika, ufanye utafutaji rasmi wa ardhi ya msikiti wako, madrasa yako, makaburi yenu, uwanja wenu. Pata nakala ya ramani. Nendeni na mpimaji mzione bikoni kwa macho, mzipige picha, muandike tarehe.

Pili, mabati yakisimama, usisubiri ukuta. Siku hiyo hiyo tafuta tangazo. Ukiliona, lipige picha lenyewe na mahali lilipobandikwa. Usipoliona, piga picha ya mahali lilipotakiwa kuwa. Kukosekana kwa tangazo pia ni ushahidi.

Tatu, andika pingamizi. Barua ya ukurasa mmoja inatosha: nyinyi ni nani, mnaishi wapi, namba ya ploti au ya ombi, na sababu. Usiandike matusi wala kabila la mtu. Andika njia inazibwa, maji taka hayatoshi, zimamoto haliingii, makaburi yanaguswa. Tieni sahihi wengi. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri na tarehe, urudi nayo. Barua isiyo na muhuri watasema hawakuiona.

Nne, omba faili. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 zinakupa haki hiyo, na ofisi ina siku 21 kujibu. Lakini hesabu vizuri: siku 21 za habari ni nyingi kuliko siku 14 za rufaa. Ukisubiri nyaraka ndipo ukate rufaa, umeshachelewa. Uamuzi ukitoka, kata rufaa kwanza kwa ulichonacho, nyaraka zitafuata. Huu ndio mtego ulionasa watu wengi, na sisi tulikuwa mmoja wao. Ukinyimwa habari, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ndiyo ofisi ya Ombudsman.

Tano, usiruke ngazi. Mahakama mara nyingi huwarudisha watu waliokimbilia kwa jaji bila kupitia kamati ya rufaa. Unapoteza ada, unapoteza miezi, na jengo linapanda ghorofa nyingine.

Sita, ugomvi wa mpaka wenyewe si wa panga wala si wa mahakama kwanza. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inasema mahakama haitasikiza kesi ya mpaka wa ardhi iliyosajiliwa mpaka kwanza mpaka huo uamuliwe kwa njia iliyowekwa, na anayeanza kuuamua ni msajili wa ardhi. Mwandikie. Akija na mpimaji, hakikisha majirani wote wapo na wazee wanaojua alama za zamani, ule mwembe, kile kisima, wapo pia. Na anayeng'oa alama ya mpaka makusudi anafanya kosa la jinai, ripoti polisi uchukue namba ya OB.

Saba, na hili ndilo kubwa. Kila msikiti utoe vijana watatu. Mmoja wa kwenda ofisini kila wiki kuuliza maombi mapya ya wadi yetu. Mmoja wa kupita mitaani na kutazama nguzo na milango. Mmoja wa kusimama baada ya swala ya Ijumaa, dakika mbili tu, aseme wiki hii kuna ombi hili mahali hapa, siku za pingamizi zinaisha tarehe hii. Watatu hao wakae na vijana wa kanisa la jirani, maana ukuta ukiziba njia hauulizi dini ya anayepita. Dakika mbili za Ijumaa zingetosha kuokoa uchochoro wetu.

Na wewe unayechagua masomo mwaka huu: tunao masheikh, tunao madaktari, alhamdulillahi. Wapimaji wetu wako wapi? Wapangaji miji wetu wako wapi? Tumeiacha kalamu ya ramani kwa wengine halafu tunashangaa mbona mstari unapita chumbani kwetu.

MWISHO

Kwetu ukuta bado upo. Rufaa yetu ilikataliwa kwa kuchelewa. Tumeandika kwa msajili juu ya mpaka, na tunasubiri tarehe yake ya kuja kupima. Huenda zile hatua mbili zikarudi, huenda zisirudi. Mwenyewe wa ukuta tumemwendea nyumbani, wazee na vijana, tukamwambia ana kwa ana kile ambacho tungemwambia siku ya mabati. Aliinamisha kichwa. Hakusema ndiyo, hakusema la.

Wakati huo huo, mtaa wa pili yake, wiki chache nyuma, kijana mmoja aliona karatasi mpya kwenye mlango wa bohari. Akaipiga picha, akaituma kwenye kundi, wakahesabu siku, wakaandika. Barua ilipokewa siku ya sita. Ina muhuri.

Kwa hivyo kesho ukitoka swala ya alfajiri, usirudi kulala moja kwa moja. Pita njia ya nyuma. Tazama nguzo. Tazama mlango wa ile ploti yenye nyasi. Tazama kama ile bikoni bado iko pale ulipoiacha utotoni. Na jeneza la watu wanne, jiulize, bado linapita?

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.